Nikishika kitabu dakika tano tu nasinzia, je bado naweza kuwa msomaji?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa miaka 43, niliishia form four, nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro na mwaka huu wenzangu wamenichagua niwe katibu wa VICOBA yetu. Kila mahali nasikia soma vitabu ubadilishe maisha, matajiri wanamaliza kitabu kwa wiki, soma siku 21 mfululizo inakuwa tabia. Nimenunua vitabu vinne vya mafanikio, viwili vya Kiingereza, sijamaliza hata kimoja. Usiku nikipanda kitandani nikishika kitabu dakika tano nyingi, macho yanauma, kichwa kinagonga, nasinzia. Lakini WhatsApp nasoma hata masaa mawili sisinzii. Mume wangu anasema simu imeniharibu akili. Na mimi nikiwa darasa la sita nilikuwa nasoma hadithi mpaka mama anakuja kuzima kibatari. Je ubongo wangu umeshachelewa? Na hivi ni kweli kusoma kunabadilisha maisha au ni maneno ya motivesheni spika? Mkataba wa mkopo wa kikundi unakuja na mimi ndio wa kuusoma."*

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa ukatibu, watu hawampi daftari la hela zao mtu wasiyemwamini. Nimekuelewa hivi: unaogopa kwamba kitu ulichokuwa nacho utotoni kimeshaondoka, na unaogopa zaidi kwa sababu sasa kuna watu wanakutegemea usome kwa niaba yao. Ubongo wako haujachelewa, hilo nakwambia mapema ili usome haya mengine ukiwa umetulia. Nimefundisha watu wazima kusoma kwa muda mrefu na barua kama yako ninazijua, na karibu kila mara mtu anajilaumu uvivu wakati tatizo liko sehemu nyingine kabisa.

Kabla hatujaongea habari ya vitabu tuanze na macho yako. Una miaka 43, macho yanauma, kichwa kinagonga, unasinzia ukishika kitabu lakini kwenye simu huna shida. Ndani ya jicho kuna lenzi ambayo ukiwa kijana ni laini, inajikunja yenyewe kila ukiangalia kitu cha karibu. Miaka inavyoenda inakakamaa kidogo kidogo, na kuanzia kwenye 40 hivi watu wengi kabisa wanaanza kupata taabu na maandishi ya karibu, huo sio ugonjwa ni umri, na inampata aliyesoma na asiyesoma. Mtu mwenyewe mara nyingi hajui, kwa sababu mbali anaona vizuri tu, mteja akiingia anamtambua toka mlangoni, anaona mabati kule juu. Kwenye kitabu ndio misuli ya jicho inahangaika, kichwa kinauma, na mwili unachagua usingizi. Sasa kwa nini kwenye simu husinzii? Kwanza simu ina mwanga wake, pili herufi unaweza kuzikuza, na ninaomba uangalie saa hizi hizi kama hujaziongeza ukubwa mwaka huu au uliopita bila hata kufikiria. Kitabu hakikuzwi. Halafu wewe unakisoma kitandani, baada ya siku nzima ya kusimama dukani, pengine na taa hafifu, hapo hata mtu wa miaka 20 angelala.

Kwa hiyo jaribu leo: chukua kitabu chako uende nacho nje kwenye mwanga wa mchana, kisogeze mbali taratibu mpaka mkono unyooke. Kama kikiwa mbali kinasomeka vizuri kuliko kikiwa karibu, basi ni miwani ya kusomea unayohitaji. Miwani yenyewe ni ya bei ndogo, hata machinga wanatembeza, ila nakusihi usianzie kwa machinga. Nenda kliniki ya macho hospitali ya mkoa wakupime vizuri, kwa sababu ukishafika miaka 40 wanatakiwa waangalie na presha ya macho, ile inayoua uoni kimya kimya bila maumivu, na kisukari nacho kinaanza kuonekana machoni. Na miwani sio jambo dogo eti. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya utafiti wa Bangladesh, walichukua watu zaidi ya 800 wa miaka 35 mpaka 65, mafundi cherehani, wasusi wa vikapu, watu wa kazi za mikono na za karibu, nusu wakapewa miwani ya kusomea bure na nusu wakasubiri. Baada ya miezi 8 waliopewa miwani kipato chao kilikuwa juu kwa kama theluthi moja. Miwani tu. Kama kuna kitu kimoja utakifanya katika yote niliyoandika hapa, kiwe hiki.

Sasa tuje kwenye ubongo. Watu wanadhani kusoma ni kama kuona, yaani ukishajua umejua. Hapana, binadamu hakuzaliwa na sehemu ya kusomea kichwani, maandishi yenyewe yana miaka elfu tano na kitu tu, ni juzi. Kila mtu anayejifunza kusoma ubongo wake unachukua eneo la upande wa kushoto nyuma kule, ambalo kazi yake ya asili ni kutambua sura na maumbo ya vitu, unalifundisha kazi mpya ya kutambua herufi na kuziunganisha na sauti. Mwaka 2010 mtafiti Mfaransa Stanislas Dehaene na wenzake walipiga picha za ubongo za watu wazima 63 wa Brazil na Ureno, wengine hawajui kusoma kabisa, wengine walisoma tangu utotoni na wengine walijifunza wakiwa wakubwa. Wale waliojifunza ukubwani nao ubongo wao ulikuwa umebadilika, karibu sana na wale wa utotoni. Kama mtu aliyeanza a-e-i-o-u akiwa mtu mzima ubongo wake unakubali, wewe uliyekuwa unagombaniwa kibatari una shaka gani?

Ila kuna upande wa pili, na mume wako hajakosea moja kwa moja. Kusoma ni ujuzi, usipoutumia unapoa. Jicho likisoma halitelezi kwenye mstari polepole kama tunavyohisi, linaruka, linatua kama robo sekunde, linaruka tena. Msomaji aliyezoea kila akitua neno linajitambulisha lenyewe bila nguvu, hivyo akili yote inabaki kufikiria maana. Aliyepoa neno moja moja linamla nguvu, akifika mwisho wa sentensi mwanzo ameshausahau, anarudi, anachoka, anaweka kitabu chini na kujiita mvivu. Hakuna uvivu hapo, kuna maneno ambayo hajakutana nayo siku nyingi. Na simu haijakuharibu akili, ila imekuzoesha vipande vifupi, ujumbe wa mistari miwili, video ya nusu dakika, na kila kipande kikiisha kinakuja kingine kipya. Uvumilivu wa kukaa na jambo moja dakika 20 ndio umepungua, na unarudi ukirudishiwa mazoezi.

Sisi Watanzania hili tumeliona kwa taifa zima, na linaniuma mpaka leo. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, ikaja kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya mwaka 1973, watu wakasoma chini ya miembe na kwenye magodauni ya pamba, kufikia 1986 takwimu za serikali zikasema wasiojua wako chini ya mmoja katika kila kumi. Sensa ya 2002 ikaja kukuta karibu watu wazima 3 katika kila 10 hawajui. Sababu sio moja, miaka ile ya shida watoto wengi hawakwenda shule, lakini waalimu wa kampeni wanajua jambo lingine lililotokea: magazeti ya vijijini yalikufa, maktaba za vijiji zikafungwa, mama aliyepata cheti chake akakosa cha kusoma, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na ujuzi ukaondoka. Walifundishwa kusoma wakanyimwa chakula cha kusoma. Ndio maana mimi mtu akiniuliza habari ya tabia ya kusoma sianzi na nidhamu, nauliza nyumbani kwako kuna nini cha kusoma unachokipenda?

Na hapo ndio nafikia vitabu vyako vinne. Sio vibaya vyote, lakini kwa kuanzia umechagua vigumu mno. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1988 naupenda sana, Donna Recht na Lauren Leslie walichukua wanafunzi 64 wakawapa kusoma habari ya mechi ya besiboli. Baadhi walikuwa wasomaji wazuri lakini besiboli hawaijui, wengine wasomaji dhaifu lakini mchezo wanaujua. Wale dhaifu wanaoujua mchezo walielewa na kukumbuka zaidi, wakawapita wasomaji wazuri wasioujua. Yaani nusu ya kuelewa unakuja nayo mwenyewe kichwani. Wewe unajua nondo, unajua saruji ya mfuko gani inafaa msingi, unajua tofauti ya bati la geji 28 na geji 30, unajua mafundi wanavyoibia mchanganyiko. Ukipata makala ya Kiswahili kuhusu ujenzi au biashara ya duka utaisoma kwa kasi itakayokushangaza mwenyewe. Kama unapenda mpira soma magazeti ya michezo, kama ni mtu wa dini soma vitabu vya dini yako, kama ni zile hadithi za utotoni basi rudi kwenye riwaya za upelelezi na mapenzi, zile za kushindwa kulala. Usione aibu, hakuna anayekusahihisha.

Vya Kiingereza viweke kabatini kwanza. Watafiti wa lugha wanasema ili mtu asome kwa raha bila kusimama simama anatakiwa ajue kama maneno 98 katika kila 100 ya ukurasa. Fungua kile kitabu chako ukurasa wowote, hesabu usiyoyajua katika maneno 100. Yakizidi matano hapo hausomi, unafanya mtihani, na hakuna mtu anayejenga mapenzi na mtihani wa usiku. Kiingereza kina wakati wake, utakirudia ukishapata moto.

Habari ya siku 21. Hiyo ilianza kwa daktari mmoja wa upasuaji wa Marekani aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua kama siku 21 au zaidi kuzoea sura mpya, watu wakakata ile "au zaidi" wakaifanya sheria ya kila tabia. Walipokuja kupima kweli, Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha UCL cha London, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajenga tabia mpya ndogo ndogo, wastani ukawa siku 66, mwepesi kabisa siku 18, na kwa mwingine makadirio yakafika 254. Na waligundua kuruka siku moja hakuharibu kitu. Hili la mwisho ndio nataka ulishike, maana wengi wanakosa Jumanne halafu Jumatano wanasema nimeshaharibu, wanaacha mpaka mwaka mpya.

Kitabu kwa wiki nacho sahau. Na kozi za kusoma kwa kasi wanazouza mitandaoni usitoe hela yako, ukiongeza kasi kupita kiasi unachopoteza ni uelewa, hilo limeshapimwa sana. Wasomaji wa kawaida wa Kiingereza wanakwenda wastani wa maneno 238 kwa dakika, Kiswahili maneno yake ni marefu kwa hiyo usijilinganishe. Tuseme wewe unakwenda 120 tu, pole pole. Dakika 15 kwa siku ni maneno 1,800. Kwa mwaka ni zaidi ya maneno laki sita na nusu, na kitabu cha kurasa 200 kina kama elfu hamsini, maana yake vitabu 13. Toa siku za msiba, za ugonjwa, za mzigo kuingia dukani, toa hata theluthi nzima, bado umebaki na vitabu 8 na zaidi kwa mtu ambaye leo anasema hajamaliza hata kimoja.

Dakika hizo 15 usiziweke usiku. Dukani kuna saa ambayo wateja wanapungua, kwa maduka mengi ni ile ya saa nane mchana jua likiwa kali, wewe ndio unaijua ya kwako. Kitabu kikae kaunta pale pale karibu na kikokotoo, simu iweke upande wa pili wa duka isiwe mkononi. Ukimaliza tu kula chakula cha mchana unafungua, kila siku baada ya kula, maana tabia inashika haraka ikifungwa kwenye kitu ambacho tayari unakifanya. Wiki mbili za kwanza utahisi unajilazimisha, utasoma ukurasa urudie, ni kawaida. Kitabu kisipokunogea mpaka kurasa 30 kiache uchukue kingine, usikimalize kwa sababu ulikilipia. Na usinunue vingi, vitabu vya mitumba vya chini vipo, na Bodi ya Huduma za Maktaba ina maktaba kwenye mikoa mingi, ulizia ya kwenu masharti ya kuazima.

Sasa swali lako kubwa, kunabadilisha maisha kweli? Nitakujibu bila kukupamba. Kuna utafiti wa chuo cha Yale wa 2016, watu 3,635 wa zaidi ya miaka 50 walifuatiliwa miaka 12, wasomaji wa vitabu waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wasiosoma. Walijaribu kuondoa tofauti za elimu na kipato lakini huwezi kuziondoa zote, msomaji huenda pia ana maisha mepesi au afya nzuri toka mwanzo, kwa hiyo mimi sikuahidi miaka. Mwaka 2013 ukatoka mwingine uliosema kusoma hadithi nzuri mara moja kunakufanya uelewe hisia za watu, wakarudia wengine hawakuyapata yale matokeo. Na utajiri kuja kwa kusoma vitabu vya utajiri, hapana, sijaona ushahidi, na wanaokwambia mara nyingi ndio wanaoviuza.

Kinachobadilika ninakijua na ni cha uhakika: maneno na maarifa, na vinazaana. Unayejua zaidi unasoma kwa urahisi zaidi, ukisoma kwa urahisi unasoma zaidi, unazidi kujua. Mtafiti mmoja, Keith Stanovich, aliandika mwaka 1986 kwamba watoto wanaopishana kidogo darasa la kwanza wanapishana sana baadaye kwa sababu hii hii. Kwa mtu mzima haionekani kwa wiki, inaonekana siku umeshika karatasi ambayo zamani ungesaini tu.

Chukua huo mkataba wenu. Tuseme kikundi kinakopa milioni 5 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Kuna mikataba inayopiga riba kwenye milioni 5 ile ile mpaka mwisho, hapo mtalipa riba 1,200,000. Kuna inayopiga riba kwenye deni lililobaki tu, mkirejesha sehemu sawa ya deni kila mwezi riba yote inakuwa 650,000. Asilimia ni ile ile 2, tofauti ni 550,000, na inakaa kwenye sentensi moja katikati ya ukurasa ambao watu wanaruka. Mwanamke mwenye mazoea ya kusoma dakika 15 kwa siku haimchoshi kufika kwenye ile sentensi. Hayo ndio mabadiliko ninayoyaamini.

Nikutaje na mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi. Kama umepata miwani sahihi, umesoma mchana vitu rahisi unavyovipenda kwa miezi miwili mitatu na bado kila neno ni vita, jiulize shuleni ilikuwaje. Wewe ulikuwa unameza hadithi kwa hiyo sidhani, lakini kuna wasomaji wengine wa jibu hili ambao tangu darasa la kwanza kusoma kulikuwa mateso. Hiyo inaweza kuwa disleksia, haihusiani na akili ndogo, na kwa Kiswahili inajificha kwa sababu tunaandika kama tunavyotamka, mtu anasoma kwa usahihi ila taratibu mno na anachoka sana. Mtu huyo atafute mwalimu wa elimu maalumu ana kwa ana, na kama shule iliishia njiani aende Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, wana vituo mikoani. Kama hamu imekwisha sio ya kusoma tu, hata ya kula, ya watu, ya duka, usingizi haueleweki na hali hiyo imepita wiki mbili, muone daktari useme hivyo hivyo, maana sonona nayo inaondoa umakini na inatibika. Na kama mtu alikuwa anasoma vizuri jana, leo ghafla maandishi hayaeleweki, au mdomo umeenda upande, au mkono umekufa ganzi, hiyo asisubiri asubuhi, hospitali saa hiyo hiyo, inaweza kuwa kiharusi. Vile vile uoni ukipungua ghafla jicho moja.

Kwa mkataba usingoje tabia ikue. Muombe mkopeshaji nakala kabla ya siku ya kusaini, usome mchana ukiwa na miwani na kalamu, kwa sauti, kifungu kimoja kimoja. Usichokielewa pigia mstari na pembeni andika swali lako kwa maneno yako. Tafuta kwanza riba inapigwa kwenye nini, halafu faini ya kuchelewa, halafu nani anadaiwa mwenzenu mmoja akishindwa, na dhamana ni kitu gani. Kisha siku ya kikao uwasomee wenzako vile vifungu vinne, kwa sauti, wote wakiwepo, na maswali yako mpelekee afisa maendeleo ya jamii wa kata au mtu wa sheria kabla hamjaweka sahihi. Na mkopeshaji akikataa kukupa nakala ukasome nyumbani, mwambie kikundi hakisaini, mtafute mwingine.